Habari za Chifu, Samaki Wenu

Igoki wa Nyamu,
Soko la Karurumo,
S.L.P. Runyenjes,
Embu.

25 Februari 1998

Mpendwa mwanangu Linda, mke wa Njuki wangu,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Hujambo huko Muskat? Ule mguu uliokuwa umevimba kwa kusimama jikoni kutwa umepungua? Hao unaowafanyia kazi wanakuacha uketi hata kidogo? Na unakula? Usiniandikie tu "nakula, mama", kama mtu wa kunifurahisha. Niandikie umekula nini.

Sisi huku tuko. Mgongo unanisumbua nikiinama lakini mtoni bado nakwenda mwenyewe. Hii mvua wanayoita Elinino haijatuacha. Maharagwe yameoza shambani, ukuta wa choo umeanguka, na njia ya kutoka hapa mpaka barabara kubwa imekuwa kama ugali wa mtu asiyejua kupika. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mimi nilitaka jike, lakini nani aliniuliza.

Barua yako ilinifikia. Niliisoma mwenyewe, kidole juu ya mstari, vile tulivyofundishwa kwenye ngumbaru. Pale machozi yako yalipofuta wino nilipabahatisha.

Kwa kuwa hukuona kaburi, nianze hapo. Njuki tulimlaza upande wa chini wa boma, karibu na baba yake Nyamu, kahawa imewazunguka. Gari lilikwama pale kanisani, basi vijana wakabeba jeneza mabegani mpaka nyumbani, wakiteleza kwenye matope, na hawakuliangusha. Ilipofika zamu ya mke kutupa udongo, pasta alitazama huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshatupa wangu, nikainama mara ya pili, nikasema kwa sauti, "Huu ni wa Linda." Wote walisikia. Nataka ujue hivyo, asije mtu akakuambia hukuwepo.

Sasa, katika barua yako uliniomba neno moja tu. Hukuomba nguo zake, hukuomba redio. Uliandika, "Mama, nitunzie Chifu mpaka nirudi." Hilo ndilo lililonifanya niogope kalamu. Nikikuzungusha nitakuumiza mara mbili. Chifu hayupo, Linda. Alikufa Jumapili iliyopita.

Nimeshasema. Sasa niache nikueleze vizuri, kwa sababu mtu akiwa mbali anaweza kufikiri tulimtupa. Hatukumtupa.

Unakumbuka siku lori la Abubakar wa Majengo lilipowateremsha hapa sokoni? Njuki anakohoa, anashikilia ubavu, na wewe umekumbatia lile sanduku la kioo kama mtu aliyebeba mtoto, maji yanakumwagikia kifuani. Jedidah, jirani yangu, alichungulia akauliza, "Na hiyo ni mboga ya nani?" Njuki alicheka mpaka akakosa pumzi. Mimi sikucheka. Nilisema moyoni, mwanangu anatoka Mombasa mgonjwa wa kifua, na badala ya dawa analeta kasamaki ka kujaza kijiko.

Sikujua. Ni baadaye, wewe ukiwa umeshakwenda Muskat kutafuta pesa za dawa, ndipo alinieleza pole pole. Alinieleza kazi yenu huko, kufunga samaki wa miambani kwenye mifuko ya plastiki wapelekwe Ulaya, wakakae kwenye nyumba za watu kama maua. Akaniambia mlijuana hapo, mikono yenu yote imelowa. Na kwamba huyu alikataliwa kwa sababu pezi lake moja lilikuwa fupi, wazungu hawamtaki kilema, na wewe ukamficha kwenye ndoo yako ya chakula. Nilianza kumpenda siku hiyo. Nilisema, kumbe na wewe ni wa kukataliwa, karibu basi.

Na alikuwa mzuri, jamani. Ile rangi kama ya chungwa lililoiva, na mikanda yake myeupe kama amevaa sare. Mtu akikaribia kioo anamjia mbio na kifua mbele. Ndiyo maana soko lote lilikubali jina la Chifu. Mutegi wa duka alisema, "Hata chifu wetu wa lokesheni hajui kuringa hivi, na yeye ana bunduki mbili za askari nyuma yake."

Njuki alinifundisha akiwa amelala. Nilikuwa mikono yake. Ile tyubu ya gurudumu la lori ambayo Abubakar alitupa, nilikuwa naijaza upepo kwa pampu ya baiskeli asubuhi na jioni, na upepo unatoka pole pole kwa mpira wa dripu mpaka ndani ya maji, vitone vitone, ndio Chifu anavuta. Baridi ya mwezi wa saba ilipokuja nikamfunika sanduku lake kwa blanketi, na ndani natumbukiza chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri. Maji yakipungua, sitii ya bahari, natia ya mvua. Nilibishana naye hapo. Nilisema maji ya chumvi yakipungua si ni chumvi nayo imepungua? Akasema, "Mama, ukiacha sufuria ya mchuzi jikoni ikauke, mchuzi unakuwa wa chumvi zaidi au kidogo?" Hata kwa kitu cha jikoni alinishinda.

Lakini kwa chakula ndipo tulikosana hasa. Ule unga wa kamba wa kukausha mliouacha kwenye kopo la Blue Band, alisema nitie kiasi cha ugoro unaonuswa na kikongwe, mara moja kwa siku, basi. Na Chifu anakuja juu, mdomo wazi, anaomba. Nilishindwa kuona hivyo. Nilisema, "Njuki, mgeni anaomba chakula nyumbani kwangu nami nimefunika sufuria?"

"Mama, huyu si ng'ombe. Anachobakisha kinaoza, na maji yakioza hana pa kukimbilia. Ukimpenda mpe kidogo."

"Na wewe je? Uji umepoa hapo tangu asubuhi."

"Mpe Chifu," akasema, akageukia ukuta akicheka.

Hivyo ndivyo tulivyokaa, Linda. Mmoja anakataa ninachompa, mwingine ananiomba na nimekatazwa kumpa. Siku za mwisho Njuki alipokuwa hawezi kusema sana, alikuwa anamtazama tu. Nilivuta kitanda mpaka kioo kikawa karibu na uso wake. Chifu akawa halali tena kwenye kile kigae cha nyungu tulichomwekea kuwa nyumba yake. Alikuwa anakaa upande wa Njuki. Sisemi alijua. Nasema alikaa.

Njuki alipotuacha, wewe hujui desturi yetu vizuri, kwa hivyo nikuambie. Huku mwenye msiba hashiki kazi. Ulipokuwa kwangu uliniona nikienda kwa wengine na kiondo na kuni mgongoni, basi ndivyo na mimi nilivyojiwa. Walinitandikia godoro kule chumbani, nikaketi na dada zangu, na Jedidah akachukua jiko langu, na kundi lake lote la akina mama wa kanisa. Huwezi hata kuuliza chumvi iko wapi. Ukisimama wanakukalisha. Kwa nyumba ya msiba hakuna kitu kinachoachwa na njaa. Mbwa anashiba, kuku wanashiba, mpita njia anashikwa mkono na kuketishwa.

Nilimwita Jedidah, nikamwambia, "Chifu usimsahau. Chakula chake kiko kwenye kopo. Kidogo tu."

"Tulia, mama Njuki. Huyo niachie mimi."

Na tyubu vijana waliijaza vizuri, siwezi kuwasingizia. Nilikuwa nasikia ile pampu kutoka chumbani nikasema afadhali.

Tulipomaliza kuzika na watu wakarudi kwao, nikatoka nikaenda kwa kioo. Maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Chifu yuko kwenye kona, juu kabisa, anafungua mdomo na kufunga. Chini kwenye mchanga mweupe niliona kipande cha ugali kimeota manyoya. Nikasema ni watoto, wakati wa matanga watoto wanacheza popote. Nilichota uchafu kwa kichungi cha chai. Nilitaka kubadilisha maji kama Njuki alivyonionyesha, nikafungua mitungi nikakuta yote mitupu. Maji ya bahari yalikuwa yamekwisha.

Nikatuma neno kwa Abubakar huko Meru, kwa kuwa ni lori lake linalotuletea hayo maji kutoka Mombasa. Akajibu kwamba lori lake liko upande wa pili, barabara ya Mombasa imekatwa na mvua, magari yamelala njiani kama ng'ombe. Mitungi ya Chifu imo ndani ya lori, imejaa, lakini haiwezi kuruka mto. Hebu fikiria. Dunia yote imefunikwa na maji, shamba langu linaelea, na mimi nakosa maji ya samaki.

Nthiga, ndugu wa marehemu mzee wangu, akaniambia, "Shemeji, unahangaika nini? Tia chumvi ya Magadi kwenye ndoo, koroga." Nilikataa. Njuki alikuwa amenikataza hilo kwa kidole, na hicho kidole bado nakiona. Nikaendelea na kichungi changu na pampu yangu. Hapo ndipo barua yako ilifika, "nitunzie Chifu mpaka nirudi." Niliisoma nikiwa nimeketi karibu naye. Nilimsomea na yeye. Usinicheke.

Mwishowe lori likapita. Abubakar mwenyewe alileta mitungi mpaka mlangoni, na ile njia unaijua, na kanzu yake ikawa nyekundu kwa udongo mpaka magotini. Alisema, "Mama, maji haya yametoka Mombasa yakatembea kuliko mahujaji." Tukabadilisha pamoja, pole pole, kikombe kwa kikombe, Chifu asishtuke. Kesho yake ametoka kwenye kona. Siku iliyofuata ameshuka kwenye kigae chake. Nilipokaribia akanijia na kifua mbele, Linda, kama zamani. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya nyumba. Nilitia ugoro wake kidogo, akala, na kwa mara ya kwanza tangu tuzike na mimi nilikula nikamaliza sahani.

Jumapili nikasema niende kanisani nikashukuru. Nilikuwa sijaenda tangu siku ya mazishi. Niliimba vizuri tu. Niliporudi nilimwona amelala ubavu juu ya mchanga, ile mikanda yake imekuwa ya kijivu, na juu ya maji kuna unga wa njano.

Nilipiga kelele. Kwa Njuki sikupiga, unajua, waliniambia jikaze nikajikaza, pasta hata alinisifu mbele ya watu. Siku hii sauti ilitoka yenyewe, na majirani wakaja mbio na majembe wakidhani ni wezi. Jedidah alifika wa kwanza, leso ya kanisani bado kichwani.

"Mama Njuki! Nani tena?"

"Ni Chifu."

"Chifu wa lokesheni?"

"Chifu wetu. Samaki."

Mmoja kule nyuma alianza kucheka, akanyamazishwa. Jedidah akapiga magoti pale kwenye kioo, akamwangalia, na machozi yakamtoka. Akasema, "Wooi, maskini. Na mimi nilipita asubuhi hii ukiwa umetangulia kanisani, nikamvurugia kiini cha yai, nikasema leo asishinde njaa."

Halafu yule Wambeti mke wa fundi akasema, "Hata mimi wakati wa matanga nilikuwa nampa mkate. Alikuwa anaupenda!" Mwingine akasema githeri, mahindi na maharagwe yake yamepondwa. Mwingine ugali. Kila mmoja alikuwa anampa akidhani yeye peke yake ndiye aliyemkumbuka. Na Jedidah akasema, huku akijifuta, "Si uliniambia kidogo tu? Nilijua ni adabu yako, mama Njuki. Nani huku husema jaza?"

Mwanangu, hapo nilielewa. Na ni kweli. Ulipokuwa kwangu, ukisema "kidogo tu, mama," nilifanya nini? Nilikujazia sahani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akisema kidogo, ana haya, unamwongezea. Mimi nilisema neno la Njuki kwa mdomo wa Embu, na wao wakalisikia kwa masikio ya Embu.

Sikuwaambia. Kinywa kilifunguka nikakifunga. Wanawake hawa walinipikia siku zote hizo, waliniosha miguu nikiwa sijitambui, walilala sakafuni kwangu. Ningewaambiaje kwamba ni mikono hiyo hiyo? Nilisema, "Alikuwa mgonjwa tangu zamani." Jedidah akasema, "Afadhali hakwenda na njaa." Nikasema ndiyo. Wewe peke yako ndiye unayejua sasa. Naomba usimchukie. Alimpa yai, na yai yeye mwenyewe huwa anauza, haonji.

Nilitaka kumzika Chifu karibu na Njuki. Nthiga akakataa, akasema kaburi la mtu haliwekwi mnyama, ni uchuro. Nilimsikia, ni mkubwa. Nikamfunga kwa kitambaa cha Njuki cha mkono na kumfukia kando ya kahawa ya kwanza, nje ya kaburi lakini karibu. Juu nikaweka jiwe kwa sababu ya kuku.

Sasa niandike lile linaloniuma kuliko yote, halafu nipumzike. Nthiga alirudi jana. Alisimama mbele ya kioo, akasema, "Shemeji, hayo maji ya chumvi nipe ng'ombe wangu alambe. Na hicho kioo kitanifaa dirishani."

"Yana mwenyewe."

"Nani?"

"Linda."

Akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. "Huyo harudi, shemeji. Msichana wa pwani aje Karurumo kufanya nini? Mume hana, mtoto hana, na sasa hata samaki hana."

Neno hilo, Linda, ndilo nililokuwa nalo moyoni tangu Jumapili. Nilipokuwa napiga pampu, nilikuwa namtunza Chifu, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nakutunza wewe. Nilisema, akiwa hai, atakuja kumwona. Sasa sina kitu cha kukuitia. Sina mjukuu wa kukuambia njoo umchukue. Nyamu hayupo, Njuki hayupo, na mimi ni mama wa mtu ambaye hayupo. Sijui kwa sheria za kwenu mimi bado ni mama yako au namna gani. Huku kwetu udongo ukishatupwa kaburini kwa jina lako, wewe ni wa nyumba hiyo. Lakini sitaki uje kwa sheria.

Maji bado yamo. Nimeyafunika kwa kitambaa. Nthiga sikumpa, ng'ombe asiyajue. Siwezi kuyamwaga shambani kwa sababu yataua kahawa, nduma nazo ziko pale chini karibu na mto, na mto tunakunywa wote. Nimezunguka boma lote na sijaona mahali pa kuyamwaga. Huku hatuna desturi ya kumwaga bahari. Wewe ni mtu wa huko, unajua yanafanywa nini. Usiniandikie kwenye barua, sitaelewa. Kazi yako ikiisha, uje unionyeshe. Nitangoja na maji yangu.

Jedidah anakusalimu sana, na Wambeti, na Abubakar, ambaye amesema ukishuka Mombasa umtafute, lori lake litakuleta bila neno. Nthiga pia anakusalimu, ameniambia niandike hivyo. Ukiandika kwenu Kilifi mpe mama yako pole yangu na umwambie siku moja tutaketi.

Mungu akulinde kwenye nyumba ya watu, akupe wa kukuonea huruma kabla hujaomba, na akurudishe ukitembea kwa miguu yako yote miwili.

Ni mimi nikupendaye, na bado mama yako,

Igoki